Faili Sifuri, Makosa Sifuri

TANGAZO KWA WAKAZI WOTE WA NYUMBA HII. Kumb. Na. NYB/KOMP/01. Kwa mamlaka aliyonayo kama mkuu wa kaya na Mkuu wa Masjala mstaafu, Mwenyekiti anapenda kuutaarifu umma kwamba kuanzia leo imeundwa Kamati ya Kudumu ya Kuchagua Programu ya Nakala Rudufu. Umma unaombwa kuwa mtulivu.

Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa friji kwa sumaku mbili, likapigwa mhuri. Umma wenyewe ulikuwa mtu mmoja, mke wa Mwenyekiti, mshonaji aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Fundi. Alikuwa amekuja kunywa maji. Alilisoma tangazo mpaka mwisho, glasi mkononi, akawa mtulivu kama alivyoombwa. Mazoezi alikuwa nayo ya miaka thelathini na minne ya ndoa.

Haja ya kamati ilikuwepo, hilo tusimnyime Mwenyekiti. Kompyuta ya nyumbani, iliyokaa sebuleni pembeni mwa cherehani, ilikuwa imeanza kukwaruza kama panya aliyepata gunia. Na ndani yake mlikuwa na vitu viwili vya thamani. Cha kwanza ni kazi ya Fundi: michoro ya mitindo na vipimo vya wateja mia sita na kumi na wawili, pamoja na sare za shule tatu zilizotakiwa kabla ya muhula kufunguliwa. Cha pili ni kitabu cha Mwenyekiti mwenyewe, alichokipa jina la *Miaka Thelathini na Moja ya Jalada*. Alikuwa amekipiga chapa kwa miaka minne, kwa kidole kimoja, vile tisa vingine vikiwa likizo. Sura aliyoipenda kuliko zote ni ya kumi na moja: "Hakuna Jalada Lililopotea Mikononi Mwangu." Kitabu kingezinduliwa kwenye ofisi yake ya zamani, Siku ya Kumbukumbu, sherehe ya kila mwaka ya watunza nyaraka, mgeni rasmi akiwa Katibu Mkuu.

"Mzee," Fundi alimwambia jioni ile, "hiyo diski ya nje si umeshainunua? Tuichomeke, tuweke programu, tunakili yaishe. Mashine inakoroma."

"Ichomekwe na nani? Kwa idhini ipi?"

"Na mimi. Kwa mkono huu."

"Mke wangu, haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, Mzee."

Mwenyekiti aliandika maneno hayo kwenye daftari chini ya kichwa "Maoni ya Wadau", akalifunga.

Kamati ilikuwa na wajumbe wawili. Mwenyekiti, na jirani yao wa ukuta wa pili, mwalimu mkuu mstaafu, mtu mwenye msimamo: alikuwa akisema "Naunga mkono hoja" hata kabla hoja haijaletwa. Fundi aliomba kuwa mjumbe wa tatu. Ombi lake lilijadiliwa kwa dakika arobaini, akiwa anawapikia wajumbe chai, kisha akajulishwa kwamba limekataliwa.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Faili zinazojadiliwa ni zako," alisema Mwenyekiti kwa upole. "Mwenye faili hawezi kukaa kwenye kikao kinachoamua juu ya faili. Huo unaitwa mgongano wa maslahi."

"Naunga mkono hoja," alisema jirani, akachukua andazi.

Usaili wa programu ulifanyika Jumamosi, saa nne kamili asubuhi. Aliitwa mtaalamu, dada mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta pale kona, ambaye watu walimwita Bisibisi. Alikuja na programu tatu. Alikuta meza imetandikwa kitambaa, kompyuta imewekwa upande mmoja juu ya kiti kama mwombaji kazi, na wajumbe wamekaa upande wa pili na miwani zao. Fundi aliruhusiwa kushona, mradi cherehani isipige kelele.

"Mwombaji wa kwanza," alisema Mwenyekiti. "Ana uzoefu wa miaka mingapi?"

"Hii programu? Inaweza kuwa kumi hivi," alisema Bisibisi. "Ni nzuri, mzee. Ukishaipangia saa, inafanya bekapu yenyewe kimyakimya. Na inachukua yale yaliyobadilika tu, haikupotezei muda."

Wajumbe walitazamana.

"Kimyakimya," Mwenyekiti alirudia. "Mtumishi akifanya kazi kimyakimya, mkubwa wake atajuaje kwamba yupo? Tena anachagua cha kufanya na cha kuacha. Mimi nilikuwa na mtumishi wa namna hiyo. Tulimhamisha."

Mwombaji wa kwanza aliandikiwa: *hajulikani alipo saa za kazi*.

Wa pili alikuwa na uwezo wa kuibeba kompyuta nzima, kila kitu kilivyo, na kuirudisha kwenye mashine mpya siku ya msiba. Huyo aliangushwa kwa kukosa staha, maana aliingia vyumba vyote bila kubisha hodi. Wa tatu Bisibisi alimleta kwa kutimiza idadi tu, na alisema wazi kwamba yeye hampendi. Alikuwa programu mwenye dirisha kubwa la rangi ya dhahabu, aliyepiga kengele kila akianza na kila akimaliza, akauliza "Una uhakika?" kwa kila hatua, na mwishoni akatoa ripoti yenye picha ya mhuri.

Mwenyekiti alivua miwani. Macho yalikuwa yamemlowa kidogo.

"Huyu," alisema, "amelelewa."

"Naunga mkono hoja."

Fundi alisimamisha cherehani. "Naomba kuuliza. Inarudisha?"

"Inarudisha nini?"

"Vitu. Faili ikipotea, hiyo programu inairudisha? Tumewahi kuiona ikirudisha?"

"Kurejesha ni Awamu ya Pili," alisema Mwenyekiti. "Kamati haiwezi kujadili kurejeshwa kwa kitu ambacho bado hakijapotea. Tutakuwa tunatabiri."

Fundi alimtazama Bisibisi, Bisibisi akatazama dari.

Basi mfumo ukazinduliwa. Diski ya nje ilitolewa kabatini, ikaandikwa namba ya mali kwa rangi nyeupe, ikachomekwa mbele ya mashahidi. Lakini kwa kuwa si kila faili inastahili kunakiliwa, Mwenyekiti alifungua folda maalumu, *Faili Zilizoidhinishwa*, na programu ikaelekezwa kunakili folda hiyo peke yake. Faili yoyote iliyotaka kuingia humo ilihitaji fomu yake, yenye sahihi mbili za wajumbe kwenye kikao halali. Fundi alijaza fomu mia sita na kumi na mbili. Alijaza usiku na mchana, kati ya kola na mikanda, akaziweka mezani kwa Mwenyekiti. Kikao halali hakikupatikana, kwa sababu mguu wa jirani ulikuwa umevimba.

Kitabu cha Mwenyekiti nacho hakikuingia. Yeye alikuwa mtu wa haki, hangeweza kujiidhinishia mwenyewe.

Kila Ijumaa saa tisa alasiri kengele ililia. Dirisha la dhahabu lilifunguka, likauliza kama wana uhakika, Mwenyekiti akabonyeza ndiyo, na ripoti ikatoka: *Faili 0 kati ya 0 zimenakiliwa. Makosa 0. Mafanikio asilimia 100.*

"Umeona?" alimwambia mkewe wiki ya kwanza, karatasi ikiwa bado ya moto kutoka kwenye printa. "Makosa sifuri. Katika utumishi wangu wote sijawahi kuona ofisi yenye makosa sifuri."

"Na faili sifuri, Mzee."

"Ndiyo maana hakuna makosa."

Alitoboa ripoti matundu mawili akaiweka kwenye jalada. Fundi alirudi kwenye kola zake, na kwa kweli hata mimi ningerudi.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Juu ya mkuu asiyesikia la mtu hawakusema kitu, labda waliona ajionee mwenyewe. Fundi hakutaka kungoja. Jumatatu alijitanda kanga, akaenda pale kona.

"Nishauri kama unamshauri mama yako," alimwambia Bisibisi.

"Mama, chukua ile ya kwanza, iliyofukuzwa kwa ukimya. Halafu nunua kidiski kidogo cha kwako. Ukimaliza kunakili, kichomoe, kakiweke nyumba nyingine kabisa. Mashine na bekapu zikilala chumba kimoja, mwizi atabeba vyote safari moja."

"Na nitajuaje kama imefanya kazi? Isije ikawa na yenyewe inaniletea asilimia mia."

Bisibisi alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. "Futa faili moja kwa makusudi, halafu irudishe. Bekapu ambayo hujaijaribu kurudisha, mama, hiyo ni dua tu."

Maneno hayo Fundi aliyaelewa mara moja, kwani ndiyo desturi ya kazi yake. Kitambaa cha bei hakikatwi kabla ya kukata cha majaribio, kukiunga kwa pini na kumvalisha mwenyewe, aambiwe ainue mikono, ainame, akae. Nguo haijulikani mezani. Basi alinunua kidiski, akanakili vyake, akafuta faili ya mwalimu mmoja mnene wa shule ya pili, akairudisha kwenye mashine ya Bisibisi kutoka kwenye kidiski. Ikafunguka. Kifua arobaini na nne, kiuno arobaini na moja, hataki mkanda. Kila kitu mahali pake. Alijikuta anapiga vigelegele peke yake kibandani.

Tangu hapo kila Jumatatu alinakili, akajaribu faili moja, akapeleka kidiski kwa dada yake mtaa wa pili, kikafichwa ndani ya kopo la vifungo. Hakufanya kwa siri. Alibandika kikaratasi kwenye friji: *Nanakili vyangu. Fundi.* Kesho yake akakuta kimepigwa mhuri: IMEONWA.

Kilichomsumbua ni kile kitabu. Kwa kweli kilimuuma. Alikuwa amemwona mumewe miaka minne akitafuta herufi moja moja kama mtu anayeokota mchele. Folda ya kitabu ilikuwa na bango lake: SIRI, ISIGUSWE. Angeweza kuinakili tu, nani angejua? Lakini hakuwa mtu wa kumwingilia mumewe mfukoni. Aliomba kwa maandishi. Jibu likaja: *Ombi limekataliwa. Faili za Mwenyekiti zitanakiliwa kwa kufuata utaratibu.* Akaomba tena. Likakataliwa tena. Mara ya tatu aliandika chini ya barua, "Tafadhali, mume wangu." Mwenyekiti alilisoma neno hilo kwa muda mrefu, kisha akapiga mhuri wa kukataa, taratibu zaidi kuliko siku zote.

Wiki ya ishirini baada ya uzinduzi, siku ya Jumanne, kompyuta iliacha kukwaruza. Mwenyekiti alifurahi, akadhani imepona.

Bisibisi aliifungua juu ya meza ileile ya usaili. Hakuchukua dakika kumi. "Diski ya ndani imechimbika, mzee. Hapa hakuna wa kuamka."

"Haidhuru," alisema Mwenyekiti kwa sauti ya tarumbeta. "Ndiyo maana tuna mfumo."

Diski ya nje yenye namba nyeupe ikachomekwa kwenye mashine ya Bisibisi. Ndani mlikuwa na folda moja, *Faili Zilizoidhinishwa*. Ndani ya folda hamkuwa na kitu. Pembeni yake zilikuwepo ripoti kumi na tisa, zote safi.

Jirani, aliyekuja kwa mkongojo kupata akidi, alifungua mdomo, akaona hakuna hoja ya kuunga mkono, akaufunga.

Fundi alikwenda kwa dada yake, akarudi na kopo. Saa kumi jioni wateja mia sita na kumi na wawili walikuwa wamerudi, kila mmoja na kiuno chake, kwenye mashine aliyoazimwa na Bisibisi, na cherehani ilikuwa inalia. Mwenyekiti alikuja akasimama nyuma yake.

"Na changu?" aliuliza. "Hukukichukua hata kwa bahati mbaya?"

Fundi alifungua droo ya nyuzi, akamtolea barua tatu, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki. "Mhuri wako, sahihi yako."

Mwenyekiti aliketi kwenye kiti cha usaili. Akaonekana mdogo. Siku ya Kumbukumbu ilikuwa imebaki siku kumi, kadi za mwaliko zilikwishatoka, na miaka thelathini na moja yote ilikuwa imekwenda. Machozi yalimtoka bila utaratibu wowote. Fundi alisahau hasira yote.

"Mzee. Iko faili moja yako. Si kitabu. Wewe ni mteja wangu namba moja, umesahau?"

Ni kweli. Suruali ya kwanza ya kuripotia kazini alimshonea yeye, na tangu hapo alimpima kila mwaka. Na mtu anayepimwa, akiambiwa ainue mikono juu na asimame wima, husema. Sijui kwa nini, lakini husema. Fundi alikuwa na mazoea ya kuandika pembeni ya kila kipimo maneno mawili matatu ya mteja, amkumbuke vizuri. Mwanzoni aliandika daftarini, kompyuta ilipokuja akayahamishia yote humo.

"Nipe," alisema Mwenyekiti akisimama.

"Faili za wateja ni siri. Andika ombi, nakala tatu."

"Lakini vipimo ni vyangu!"

"Ndiyo maana huwezi kuamua," alisema Fundi kwa upole uleule. "Huo unaitwa mgongano wa maslahi."

Aliandika. Kwa mkono, nakala tatu, akiuma ulimi. Fundi alizisoma zote, akaazima mhuri wa Mwenyekiti, akapiga: IMEKUBALIWA, KWA SHARTI. Sharti lilikuwa moja: *Isomwe ilivyo. Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza.* Kisha akamfungulia faili. Mwenyekiti alisoma mstari wa kwanza, akaondoa mkono kwenye meza.

"Nilisema hivi, mimi?"

"Ulisema. Mikono ikiwa juu."

Alisoma mpaka mwisho, kisha akaomba achapishiwe.

Siku ya Kumbukumbu ukumbi ulijaa. Kulikuwa na maua ya plastiki, kipaza sauti kinachopiga mluzi, na mstari wa mbele wakubwa tupu, Katibu Mkuu katikati yao akiwa na koti lililomkaba tumboni. Mzee alipanda jukwaani na karatasi chache.

"Mwaka wa kwanza," alisoma. "Kiuno inchi ishirini na nane. Suruali ya kuripotia kazini. Anasema mtu hataambiwa njoo kesho akiwa yeye yupo. Amelisema mara mbili."

Watu walitabasamu.

"Mwaka wa tisa. Kiuno thelathini na nne. Amepanda cheo. Anataka mifuko minne, hajasema ya kuweka nini."

Ukumbi ulicheka, na wakubwa wakacheka zaidi, kuonyesha kwamba hawahusiki.

"Mwaka wa kumi na sita. Kiuno thelathini na mbili. Kimepungua, hali chakula. Jalada la kiwanja cha mjane limekutwa kwa Afisa wa Chumba Namba Tisa, limekunjwa kuwa kabari ya dirisha lisigonge. Mvua imeingia, wino wote umekwenda. Afisa amesema liandikwe halijaonekana. Naye mume wangu ameandika." Mzee aligeuza karatasi. "Mjane anakuja kila Jumatatu na bahasha yake. Anamwambia njoo Jumatatu. Leo nimempima akilia."

Hakuna aliyecheka. Wafanyakazi wa zamani walijua nani alikuwa akikaa Chumba Namba Tisa. Wale wapya waliwatazama wa zamani wanamtazama nani, nao wakajua. Katibu Mkuu alikuwa anachunguza dirisha la ukumbi, ambalo lilikuwa zima kabisa.

Hafla ilipokwisha alikuja mwenyewe, mkono mbele, tabasamu pana.

"Kazi nzuri sana, mzee wetu," alisema, akizichukua zile karatasi na kuzikunja mara mbili. "Ofisi itakuhifadhia. Hii ndiyo nakala pekee?"

Mzee alifungua mdomo. Miaka thelathini na moja ya "ndiyo, Mheshimiwa" ilimfika ulimini. Akamtazama mkewe, aliyekuwa amesimama hatua mbili nyuma na futi ya kupimia imening'inia shingoni, kwani alitoka mbio akaisahau.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema. "Ziko tatu. Moja iko kwenye kopo la vifungo, na sisemi kopo liko wapi."

"Ah. Lakini vifaa hivi vya siku hizi... vinaharibika. Mna hakika zinafunguka?"

"Tumezijaribu zote," alijibu Fundi. "Zinafunguka vizuri, mpaka mwaka wa kumi na sita." Akamtazama tumboni kwa jicho la kazi. "Ila hilo koti linakubana, Mheshimiwa. Karibu nyumbani nikupime."

Katibu Mkuu alizirudisha karatasi. Akafunga vifungo vyote vya koti, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni, akasema anawahi kikao.